Gredi ya 4: Mwaka wa kusoma ili kujifunza

MTOTO NA SHULE: Sehemu ya Pili

Juma lililopita tuliangalia miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, ambayo kazi yake kubwa ni kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Leo tunaingia Gredi ya 4, na tutaitazama tukiwa Ngoliba, wadi iliyo mashariki mwa mji wa Thika, pale Kaunti ya Kiambu inapoishia kwenye Mto Athi na ng'ambo kuanza Machakos. Nimeichagua Ngoliba kwa sababu mbili. Mengi yanayofundishwa mwaka huu mtoto wa huko huyaona bila kupanda gari. Tena Wakikuyu na Wakamba wanaishi huko pamoja, kwa hiyo suala la lugha, ambalo ndilo zito kuliko yote katika Gredi ya 4, halijifichi.

Wazazi wengi huipima gredi hii kwa vifaa wanavyoagizwa kununua. Mimi nasema ipimwe kwa jambo moja: je, mtoto anaweza kusoma ukurasa ambao hajawahi kuuona, kisha akaeleza kwa maneno yake alichokisoma?

Tuanze na historia kidogo, kwa kuwa darasa la nne halijawahi kuwa darasa la kawaida nchini Kenya. Mwaka wa 1949, kamati iliyoongozwa na kasisi Leonard Beecher ilipendekeza elimu ya Waafrika igawanywe mara tatu: miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari. Mwishoni mwa mwaka wa nne kulikuwa na mtihani wa mchujo, na kwa watoto wengi masomo yaliishia hapo. Baadaye mchujo huo uliondolewa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, darasa la nne lilibaki kuwa kituo cha katikati tu katika safari ya miaka minane.

Mtaala wa Umilisi na Utendaji, yaani CBC, umelirudishia uzito wake. Mtaala huu ulianza kutumika kote nchini Januari 2019 kwa madarasa ya chini, na kundi la kwanza la Gredi ya 4 likaingia darasani Januari 2020. Miezi miwili baadaye shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Watoto hao walirudi Oktoba 12, 2020, pamoja na Darasa la Nane na Kidato cha Nne, wenzao wa madarasa mengine wakiwa bado nyumbani. Ndio waliofanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya 6, KPSEA, mwaka wa 2022, na ndio waliofungua njia ya Gredi ya 10 Januari 2026.

Hapo mwanzo wazazi na walimu walilalamika kwamba masomo ni mengi mno. Jopo la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu liliwasikiliza, na katika ripoti yake ya 2023 likapendekeza yapunguzwe. Sasa mtoto wa Gredi ya 4 ana masomo manane na vipindi 35 kwa wiki, kila kipindi dakika 35. Kiingereza na Hisabati vina vipindi vitano kila kimoja. Kiswahili, Sayansi na Teknolojia, na Kilimo na Lishe vina vinne vinne. Elimu ya Dini na Maarifa ya Jamii vina vitatu vitatu. Sanaa Bunifu, iliyounganisha uchoraji, muziki na michezo, ina sita, na kimoja kilichobaki ni cha malezi ya kiroho. Jumla ni saa 20 na dakika 25 za masomo kwa wiki.

Somo linaloonyesha vizuri zaidi mabadiliko ya mwaka huu ni Maarifa ya Jamii. Mpangilio wake unapanuka hatua kwa hatua: Gredi ya 4 ni kaunti, Gredi ya 5 ni Kenya, Gredi ya 6 ni Afrika Mashariki. Mtoto wa Ngoliba hujifunza pande za dira, kusoma ramani, sura ya nchi, misimu, kazi za watu na jinsi serikali ya kaunti inavyoendeshwa. Atajua kwamba Kiambu ni kaunti nambari 22, ina maeneobunge 12 na wadi 60, na kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735.

Hapo ndipo anapokutana na jambo linalomlazimisha kufikiri. Mlima anaouona kila asubuhi, Kilimambogo, wenye kimo cha mita 2,145 na mbuga ya wanyama iliyotengwa mwaka wa 1967, uko Kaunti ya Machakos. Haumo kwenye ramani ya kaunti yake. Maporomoko ya Fourteen Falls nayo yako mpakani, na maji yaleyale hutazamwa na watu wa kaunti mbili. Mtoto aliyezoea kudhani kwamba kila anachokiona ni cha kwao anatambua kuwa mipaka huchorwa na watu, mara nyingi kwa kufuata mto, na kwamba mto huohuo unawaunganisha majirani sokoni, kanisani na katika ndoa. Kisha anajifunza kwamba Limuru, yenye baridi na majani chai, iko katika kaunti moja na Ngoliba, ambako mvua ni chache na wengi hupanda mahindi, maharagwe, mbaazi na maembe. Mwalimu akiuliza kwa nini hali ni hiyo, jibu halipatikani kwa kukariri. Linahitaji mwinuko, upepo na mvua viunganishwe kichwani.

Kilimo na Lishe nacho hakihitaji kuagiziwa mfano kutoka mbali. Mtoto hufundishwa kuhifadhi udongo na maji: kutengeneza mboji, kutandaza majani makavu juu ya shamba ili unyevu usipotee, kumwagilia kwa matone. Katika sehemu kame kama Ngoliba hayo ni mambo ya chakula cha nyumbani. Hufundishwa pia namna ya kuishi na wanyama wadogo wa porini wanaoharibu mimea, kwa mfano kutengeneza sanamu ya kuogofya ndege badala ya kuwaua. Bibi anayelinda shamba la mtama anaweza kumfundisha mjukuu somo hili vizuri kuliko kitabu, na mtaala wenyewe unamtaka mzazi na mlezi washiriki.

Katika Sayansi, mtoto hutofautisha wanyama wenye uti wa mgongo na wasio nao, hufuatilia safari ya chakula tumboni, na huanza kutumia vifaa vya kidijitali pale vilipo. Mto Athi ungemfunza mengi pia. Mto Nairobi humwaga maji yake ndani ya Athi kabla ya kufika kwenye maporomoko, na uchafu wa jiji huja nao. Mtoto akiona povu likielea, ana swali la kisayansi mikononi: limetoka wapi, na nani anakunywa maji haya huko chini?

Hisabati inapanda ngazi. Namba zinafika makumi elfu. Mtoto hukutana na namba za Kirumi hadi X, sehemu za kumi na za mia katika desimali, eneo kwa kuhesabu miraba, na data kwenye majedwali. Hujifunza pia kutofautisha mahitaji na matamanio anapohesabu fedha. Kiswahili huendelea na ngeli, methali na insha. Katika Sanaa Bunifu kuna filimbi ya rekoda, kifaa kilichowafanya wazazi wengi wanung'unike dukani, pamoja na kusuka na kuchora.

Sasa tuje kwenye lugha. Tangu Tume ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba katika miaka mitatu ya kwanza mtoto wa shule ya umma afundishwe kwa lugha inayotumika zaidi katika eneo lake, na kuanzia mwaka wa nne Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Katika kijiji chenye Kikuyu na Kikamba, Kiswahili mara nyingi ndicho huwakutanisha watoto. Januari ya Gredi ya 4 inapofika, masomo yanaongezeka na lugha inageuka kwa wakati mmoja. Mtoto anayejua kabisa kugawanya 24 kwa 4 anaweza kukwama kwa sababu swali limeandikwa kama hadithi ya mkulima na kreti za nyanya kwa Kiingereza. Mwalimu ataandika kosa la hesabu, kumbe kosa ni la kusoma.

Majirani zetu wamelishughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Uganda, katika mtaala wake wa madarasa ya chini ulioanza 2007, iliufanya mwaka wa nne kuwa mwaka wa mpito, ambapo lugha ya nyumbani hupisha Kiingereza polepole. Tanzania hufundisha kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, na kwa muda mrefu imekuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, lakini mabadiliko ya lugha husubiri hadi sekondari. Kenya huvuka kwa siku moja. Haishangazi kwamba utafiti wa shirika la Usawa Agenda uliotolewa 2022 ulikuta takriban wanafunzi wawili tu kati ya watano wa Gredi ya 4 wakiweza kusoma ipasavyo kifungu cha Kiingereza cha Gredi ya 3.

Na mwaka huu una matokeo yanayodumu. Tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 zilipangwa kuchangia asilimia 60 ya alama za mwisho wa shule ya msingi, 20 kwa kila mwaka, na KPSEA asilimia 40. Alama hizo hazimzuii mtoto kuendelea na Sekondari Msingi. Kazi yake ni kuonyesha alipo. Kwa hiyo ripoti inaposema mtoto "anakaribia matarajio", mzazi asiikunje na kuiweka. Amuulize mwalimu: kinachomshinda ni somo lenyewe, au ni lugha ya somo?

Mzazi wa Ngoliba anaweza kufanya nini, hata kama Kiingereza chake ni kidogo? Kwanza, amsikilize mtoto akisoma kila jioni, chochote kilichopo: kitabu, gazeti kuukuu, maandishi kwenye pakiti ya mbegu. Pili, amwambie aeleze kwa Kikuyu, Kikamba au Kiswahili. Maana iliyoeleweka katika lugha ya nyumbani haipotei inapovuka kwenda Kiingereza. Tatu, kabla ya kununua rekoda mpya, ahakikishe mtoto ana kitabu kimoja cha hadithi cha kwake. Serikali hutenga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, na fedha hizo haziwezi kufika kila mahali. Nne, mtoto anayebabaika kusoma muhula wa kwanza asisubiriwe hadi Gredi ya 6. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hugharimu miaka.

Walimu nao wasione aibu kurudia sauti za herufi na mtoto wa miaka kumi. Dakika 35 za Maarifa ya Jamii zitapotea bure ikiwa mtoto hawezi kusoma maelezo ya ramani iliyo mbele yake.

Juma lijalo: Gredi ya 5, mtoto anapoondoka kwenye kaunti na kuikabili Kenya nzima, na kwa nini wengi wanaoonekana wavivu mwaka huo ni wale walioachwa nyuma mwaka wa nne.