Bafle Sita, Sauti Mbili: Fili Gani Inafaa Nyumbani?



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya ndoa, malezi na kazi ya migodi. Leo nataka kusema juu ya fili. Musicheke! Fili moja ndogo ilitaka kuvunja amani ya jamaa moja hapa kwetu Kolwezi. Mimi niliitwa kupatanisha, nikarudi nyumbani na somo.

Papa wa jamaa ile anafanya kazi ku migodi. Alipopata primu yake, alinunua ampli pamoja na bafle sita, ili watoto waangalie filme nyumbani wasitembee usiku. Mawazo mazuri. Alikuwa tayari na mashini ya kusoma diski, ile tunaita lekteri. Muuzaji alimwambia: "Papa, sauti itakuzunguka pande zote. Utazani uko ndani ya filme."

Siku ya kwanza watoto waliketi, diski ikaingia. Lakini bafle mbili za mbele tu njo zilikuwa zinalia. Ya katikati, kimya. Za nyuma, kimya. Papa akarudi kwa muuzaji. Akajibiwa: "Fili yako haina nguvu. Ununue hii yenye fishi ya zahabu, dola 80." Mama aliposikia akasema: "Dola 80 iko, lakini ni makuta ya masomo ya watoto. Watoto watasoma ao watasikia bafle?" Maneno yakaanza hapo, na siku tatu watu wa nyumba moja hawakusalimiana.

Nilikwenda kule pamoja na kijana mumoja wa kwaya ambaye alisoma umeme. Sisi wote tulizani ataanza kufungua fili. Hapana. Alichukua telekomandi, akaingia katika ukurasa wa kupanga sauti ya lekteri. Pale palikuwa pameandikwa SPDIF, na kando yake PCM. Akabadilisha PCM kuwa RAW. Akarudisha diski mwanzo. Bafle zote sita zikalia! Gharama yake: hakuna hata franka moja.

Papa akauliza: "Lakini juu ya nini?" Swali zuri. Tulijibu pamoja, na jibu lile njo ninawapa leo.

DISKI INABEBA NINI?

Jambo la kwanza: hakuna fili inayoweza kutoa sauti ambayo diski haina.

Diski ya muziki, CD, ilitoka mwaka 1982. Inabeba sauti mbili tu: ya kushoto na ya kuume. VCD ilikuja mwaka 1993, na jamaa nyingi zimetunza VCD za kwaya mpaka leo. Nayo ni sauti mbili. Ampli nyingine inaweza kugawanya sauti mbili zile kwa bafle zote, lakini ni kugawanya tu, si sauti mpya.

DVD ilianza kuuzishwa kule Japani mwaka 1996. Hiyo inaweza kubeba sauti sita, yaani 5.1: tatu za mbele (kushoto, katikati, kuume), mbili za pembeni ao nyuma, na moja ya besi, ile wanaandika .1. Lakini si kila DVD iko hivyo. Soma nyuma ya karatasi yake. Kama imeandikwa Dolby Digital 5.1 ao DTS 5.1, sauti sita ziko. Kama ni Dolby Digital 2.0, ni mbili tu. Basi kama nyumbani kwako munasikiliza CD na VCD za kwaya tu, bafle mbili nzuri zinatosha. Usione haya.

NJIA TANO ZA SAUTI

Angalia nyuma ya lekteri yako. Utaona matundu mbalimbali.

1. Fishi nyekundu na nyeupe. Sauti mbili tu. Kwa CD na VCD inatosha kabisa.

2. Fishi sita, zimeandikwa 5.1. Hapa lekteri yenyewe inafungua sauti sita na kuzituma kila moja kwa fili yake. Ampli yako lazima iwe na matundu sita ya kupokea.

3. Koaksiali. Fishi moja, fili moja ya mukuba, hii shaba yetu. Mara nyingi tundu lake lina rangi ya machungwa.

4. Optiki. Fili hii haina mukuba. Ndani yake mwanga mwekundu unapita katika uzi wa plastiki. Kampuni Toshiba ya Japani ilianzisha fishi yake mwaka 1983.

5. HDMI, iliyotoka mwaka 2002. Inabeba picha na sauti pamoja.

Koaksiali na optiki ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili zinabeba hesabu za dijitali za aina ile ile, SPDIF. Zinaweza kubeba sauti mbili wazi, ao sauti sita zilizofungwa pamoja sawa nguo ndani ya valizi. Sauti sita wazi, haziingii.

Na kufunga kule ni kwa ajabu. Sauti mbili za CD zinahitaji hesabu 1,411,200 kila sekunde. Sauti sita za Dolby Digital ku DVD zinafungwa mpaka 448,000 ao chini yake. Sita zimekuwa ndogo kuliko mbili, hata sehemu moja ya tatu hazifiki! Sasa, ukiandika PCM kwa SPDIF, lekteri inafungua valizi yenyewe. Fili haiwezi kupitisha nguo zote wazi, basi lekteri inazibana kuwa sauti mbili. Ukiandika RAW ao Bitstream, inatuma valizi ikiwa imefungwa, na ampli njo inaifungua. Hiyo ilikuwa shida yote ya papa wetu.

Lakini ampli lazima ijue kufungua. Tafuta alama za Dolby Digital na DTS mbele yake. Kama unasikia kelele kali sawa mvua juu ya mabati, pengine diski inatuma DTS na ampli haiijui. Punguza sauti upesi, kisha kwa telekomandi chagua sauti ya Dolby.

Kwa HDMI mambo ni tofauti kidogo: yenyewe inaweza kupitisha sauti nane wazi, basi PCM pale si kosa. Diski za Blu-ray, zilizotoka mwaka 2006, zina sauti kubwa zaidi, Dolby TrueHD na DTS-HD, na hizo haziwezi kupita kwa koaksiali ao optiki. Hata hivyo usitupe ampli ya zamani. Blu-ray zile zinabeba pia Dolby Digital ao DTS ya kawaida, na koaksiali ao optiki itaipitisha.

ZAHABU HAIONGEZI KITU

Sasa ile fili ya dola 80. Fikiri pointeri wa kampuni, yule anayeandika hesabu ya kamio zinazotoka ku kariere. Akiandika 44 kwa kalamu ya zahabu ao kwa kipande cha makaa, mukubwa akisoma vizuri, ni 44. Kalamu ya zahabu haiongezi kamio hata moja. Sauti ya dijitali iko vile vile. Hesabu zikifika, zimefika. Zikipotea njiani, hautasikia sauti mbaya kidogo. Utasikia inakatika-katika ao inanyamaza. Kama haikatiki, fili yako ni nzuri.

Tena sikia: kwa koaksiali, fili ya fishi ya njano iliyokuja pamoja na lekteri kwa ajili ya picha inaweza kufanya kazi hiyo kwa urefu mdogo wa nyumbani. Angalia tu usiiingize katika tundu la picha, kwa sababu matundu yanafanana.

Koaksiali ao optiki? Chagua ile ambayo lekteri na ampli zote mbili ziko na tundu lake. Kama una zote, kumbuka hivi. Koaksiali ni nguvu, watoto wakiikanyaga haivunjiki upesi. Optiki haipendi kukunjwa, wala vumbi, na sisi tunajua vumbi la njia zetu. Toa kofia ndogo ya fishi mbele ya kuiingiza, na uitunze. Lakini optiki ina faida moja: umeme haupiti ndani yake. Kama ampli inanguruma kwa sababu ya umeme unaozunguka katikati ya mashini mbili, optiki inaweza kuondoa mungurumo ule. Lakini radi inapita pia kwa prizi. Wakati wa mvua, umeme ukianza kupiga, chomoa vyote.

MBELE YA KUTOA MAKUTA

Katika Luka 14 Bwana Yesu anatufundisha juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anaketi kwanza, anahesabu. Basi mbele ya kutoka nyumbani, keti na mama, muulizane: Diski zetu ni za sauti ngapi? Ampli ina matundu gani? Inajua Dolby na DTS? Tumeangalia ukurasa wa kupanga sauti? Nyuma ya maswali hayo, kama bado unahitaji fili, nunua ya bei ndogo inayoingia vizuri.

Na vijana, ninawaomba: musiache wazazi wenu wadanganywe. Ninyi munajua kusoma vitabu vya mashini. Kijana wetu wa kwaya hakuhubiri siku ile, alibonyeza telekomandi tu. Lakini aliokoa makuta ya masomo, na alirudisha salamu ndani ya nyumba.

Paulo naye, katika 1 Wakorinto 14, anataja filimbi, kinubi na tarumbeta, kuonyesha kwamba chombo kisichotoa sauti ya kueleweka hakimsaidii anayesikia. Katika jamaa ile, bafle hazikuwa peke yake kimya. Papa na mama pia walikuwa kimya, kila mumoja na hasira yake. Siku tatu waligombana juu ya fili, na hakuna hata mumoja aliyeuliza mwenziwe: "Tuangalie pamoja shida iko wapi?"

Nilipotoka kule usiku, filme ilikuwa inaendelea. Mama aliniambia mlangoni: "Pasta, kesho ninapeleka makuta ku masomo." Papa akaitika kutoka ndani: "Ndiyo, mama, peleka." Sauti zote mbili nilizisikia wazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kitu gani cha bei kubwa tulinunua bila kuuliza mutu anayejua?
2. Katika nyumba yetu, nani anahesabu gharama, na nani anasikilizwa?
3. Vijana: ujuzi gani munao ambao unaweza kusaidia wazazi mwezi huu?

Bwana awabariki.