Majengo Tunayoyapita kwa Matatu

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, steji ya Muthara imeshachangamka. Mabunda ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya mgomba yanarushwa ndani ya pikapu, mmoja anahesabu, mwingine anapiga simu, dereva ameshawasha injini. Miraa haingoji mtu. Ikikauka, bei nayo inaanguka.

Asubuhi hiyo mimi sikuwa na haraka. Nilikuwa nimetenga siku nzima kufanya jambo ambalo sisi watu wa Tigania hatulifanyi: kuifuata barabara yetu hadi Meru mjini taratibu, nikishuka njiani na kutembea, ili niyatazame majengo yaliyobeba historia yetu. Watu hupanda ndege kwenda Rhodes, kisiwani Ugiriki, ili tu watembee kwa miguu ndani ya mji wa kale uliozungukwa na ukuta, mji ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 1988. Hapa kwetu, mwenye nafasi huenda Lamu, iliyotambuliwa mwaka 2001, akapapase milango ya nakshi na kuta za matumbawe.

Lamu nimefika. Ila kilichonishika zaidi hakikuwa mlango wala msikiti. Nilisimama gatini nikitazama ng'ambo, kisiwa cha Manda, nikakumbuka hadithi za nyanya yangu jikoni, moshi ukituwasha macho. Alitusimulia kwamba Wameru walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambako walikuwa chini ya Nguo Ntune, watu wa mavazi mekundu. Hao waliwatwisha mafumbo yasiyowezekana: leteni kiatu chenye manyoya juu na chini, leteni mbwa mwenye pembe, leteni mkuki unaofika mawinguni. Walipoona mwisho wao umekaribia, wakatoroka wakiongozwa na Koomenjwe, wakavuka maji. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, wa alfajiri wakaitwa wekundu, na wa mchana weupe. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wetu wengi, aliona kwamba Mbwaa ni Mbwara Matanga, huko huko Manda. Wapo wasiokubaliana naye. Lakini nikiwa pale gatini nilielewa kitu kimoja: anayetoroka usiku habebi kuta. Anabeba majina ya koo, viapo na utaratibu wa marika.

Ndiyo maana Muthara huwezi kumwonyesha mgeni kasri. Babu zetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Gaaru, ile nyumba kubwa ya mashujaa ambamo vijana waliotahiriwa walilala na kufunzwa, haikujengwa ili idumu kuliko watu wake. Kitu kikongwe ambacho mgeni anaweza kukigusa huku Nyambene ni mibaine, miraa ya zamani yenye mashina mazito yaliyopindapinda, ambayo wazee hupima umri wake kwa majina ya marika.

Nilishuka Nchiru, kilomita kama 15 kabla ya Meru mjini. Hapa ndipo ilipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru. Asiyekula kiapo cha Njuri haingii, nami sijala, kwa hiyo nilibaki nje, na sikuona ubaya. Jirani yake ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru chenye majengo makubwa kuliko hiyo nyumba, na wanafunzi wanapita na mikoba yao. Sijui ni wangapi kati yao wanaojua kwamba ekari 641 za chuo hicho zilitolewa na Njuri.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mambo mengi yamepitia mikononi mwa baraza hili. Katika miaka ya 1930, mkuu wa wilaya H. E. Lambert alilipatia nafasi ya kutambuliwa na serikali ya kikoloni. Huyu ndiye Lambert ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamjua kwa tafiti zake za lahaja za Kivumba, Chichifundi na Chijomvu. Tukitaja Kiswahili, karibu mwaka 1930 Mchungaji Filipo M'Inoti wa Methodisti aliandika habari za kabila lake, akaziita "Asili ya Wameru na Tabia Zao". Aliziandika kwa Kiswahili. Hilo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: Mmeru alipotaka kuhifadhi asili ya watu wake, alichukua lugha ya pwani.

Si yote ya kujivunia. Mwaka 1956 Njuri ilipiga marufuku ukeketaji, wanaume wakiamua juu ya miili ya wasichana bila kuwauliza. Wasichana wengi wakaasi, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa katika miaka mitatu iliyofuata. Anayetembeza wageni Nchiru asiliruke jambo hili. Historia ikipakwa rangi pande zote haifundishi mtu.

Hata hivyo nyumba hii ina kitu ambacho majengo mengi ya kale hayana: bado inafanya kazi. Wazee hukutana, ugomvi wa mashamba husikizwa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kukuza njia za jadi za kutatua migogoro.

Meru mjini nilimalizia kwenye Makumbusho ya Meru. E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi, alianzisha kituo cha serikali hapa mwaka 1908, na jengo hili la mawe lililojengwa mwaka 1916 likawa ofisi ya mkuu wa wilaya. Ndilo jengo la mawe kongwe zaidi mjini. Lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1974. Niliweka kiganja ukutani: mawe yaliyochongwa kwa mkono, baridi hata jua la saa nane likiwaka. Humo ndani mzungu aliamua kodi na adhabu za babu zetu. Leo uani kuna boma la Kimeru na bustani ya mitishamba, na watoto wa shule wanaingia bila kuvua kofia kwa yeyote.

Jengo hili liliokolewa kwa sababu lilipewa kazi mpya. Maduka ya zamani ya sokoni, makanisa ya kwanza ya misheni na madarasa ya kwanza ya mawe hayana bahati hiyo. Yanabomolewa kupisha ghorofa, na hakuna anayeyapiga hata picha. Katiba imezipa kaunti jukumu la makumbusho. Ninaiomba kaunti yetu ianze na kazi ndogo isiyohitaji mkandarasi: iorodheshe majengo yote ya zamani kuanzia Maua hadi Meru, iandike mwaka na aliyejenga, wazee wanaokumbuka wakiwa bado hai.

Nawe msomaji, ukipanda matatu Muthara wiki ijayo, mwambie makanga akushushe Nchiru.