Kiazi Kisicholala

Delta ya Tana haijui theluji, lakini mimea yake ina msimu wa kunyauka kama ile ya nchi za baridi. Kuanzia Januari, kaskazi ikiwa inavuma, udongo mzito wa mfinyanzi katika mashamba ya Wema na vijiji jirani upande wa Garsen hukakamaa, kisha hupasuka nyufa za kuingia kidole. Marando ya viazi vitamu yaliyotanda shambani baada ya vuli hubaki kamba kavu zisizoliwa hata na mbuzi.

Hapo ndipo tatizo huanza, na si la chakula cha siku hiyo. Kiazi kitamu hupandwa kwa vipande vya marando. Marando yakifa, mvua ya kwanza ya masika humkuta mkulima ameshalima na hana cha kupanda. Aliye na kijishamba chenye unyevu kando ya mto hukata marando yake na kuwauzia wenzake. Wengine husubiri viazi vilivyosahaulika ardhini vichipue vyenyewe, na mpaka marando hayo yarefuke vya kutosha kukatwa, nusu ya mvua imekwisha kupita. Kilichopandwa kwa kuchelewa hivyo hukutwa na kiangazi kabla hakijajaza.

Mtu atauliza: kwa nini mkulima asiweke viazi vya mbegu ndani, kama Mzungu anavyochimba mizizi ya maua yake ya dalia kabla ya baridi na kuifukia kwenye unga wa mbao hadi majira ya kuchipua? Jibu linategemea ni kiazi gani, maana mimea hii hatuiwezi yote kwa dawa moja.

Kiazi kikuu hulala kweli. Kikishakomaa na majani kukauka, unaweza kukimwagilia utakavyo, hakichipui mpaka muda wake utimie, na muda huo ni miezi kadhaa kulingana na aina. Kinachokizuia kimo ndani yake chenyewe. Jambo la ajabu ni kwamba homoni ya jiberelini, ambayo huamsha viazi mbatata vilivyolala, ukikipa kiazi kikuu hukiongezea usingizi. Wanasayansi wamehangaika na kitendawili hicho kwa miaka mingi. Muhogo nao hauna habari ya kulala wala kungoja. Ukishang'olewa, kidonda cha kisu kinaanzisha mfululizo wa kemikali zinazougeuza ndani kuwa na mistari ya buluu na kahawia kwa siku mbili tatu tu. Ghala la muhogo ni ardhi yenyewe, na hilo ni sawa mpaka Tana ifurike, kwa sababu mizizi iliyozama majini huoza.

Kiazi kitamu kiko katikati ya hao wawili. Ni mzizi ulionenepa, tofauti na mbatata ambayo ni shina lililonenepa, kwa hiyo hakina macho yaliyopangwa tayari. Machipukizi huanza upya, mengi yao kwenye ncha ile iliyokuwa imeshikana na shina. Wala hakina kipindi cha kulala. Kikipata joto na unyevu, kinachipua, iwe ni wiki ya pili tangu kichimbwe. Ukitaka kitulie, huna budi kukinyima kimojawapo. Joto la Garsen huwezi kuliondoa. Unyevu unaweza.

Hilo ndilo wazo lililo nyuma ya mbinu ya mchanga, iliyofanyiwa kazi na watafiti wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi pamoja na wenzao wa Uganda na Tanzania, kwa ajili ya sehemu zenye kiangazi kirefu. Inahitaji beseni pana na mchanga, na mchanga kando ya Tana si bidhaa adimu. Mchanga huo uanikwe juani hadi ukauke kabisa, kisha uachwe upoe, kwani ukiumwaga ungali moto unaivisha mbegu yako. Viazi vichaguliwe vya ukubwa wa wastani, visivyo na jeraha la jembe wala tundu la fukusi. Tandika mchanga, panga viazi visigusane, funika, panga tena, na safu ya juu iwe mchanga mtupu. Beseni likae ndani ya nyumba, mahali pakavu penye kivuli, mbali na kuku.

Kwa nini visigusane? Kimoja kikioza, uozo usimfikie jirani. Mchanga mkavu pia ni kizuizi cha fukusi, mdudu mweusi mwenye pua ndefu ambaye ndiye adui mkubwa wa zao hili Afrika. Fukusi hajui kuchimba. Shambani hufikia kiazi kwa kupitia zile nyufa za kiangazi, hutaga, na mabuu wakianza kutoboa, kiazi hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu. Ndiyo sababu kiazi chenye fukusi huwa kichungu hata pale ambapo mdudu hajafika. Kwa mkulima wa udongo unaopasuka kama wa delta, maana yake ni kwamba viazi vya mbegu vichimbwe mapema, kabla nyufa hazijafunguka.

Kila mwezi beseni hukaguliwa. Kilichooza hutupwa, chipukizi lililowahi hunyofolewa. Katika joto la pwani kazi hii haikwepeki, maana kiazi ni kiumbe hai kinachopumua, na kadiri joto linavyopanda ndivyo kinavyoteketeza wanga wake. Maghala ya kibiashara ya Marekani huweka viazi vitamu kwenye nyuzijoto 13 hadi 16. Yeyote anayefikiri kwamba friji ingekuwa bora zaidi asijaribu. Chini ya nyuzijoto 12 hivi kiazi kitamu huumia, kwa kuwa asili yake ni Amerika ya kitropiki na baridi hakiijui. Katikati yake huwa pagumu hata kikichemshwa, na baadaye huoza.

Ikitarajiwa mvua mwanzoni mwa Aprili, viazi hutolewa mchangani wiki sita hadi nane kabla, yaani karibu na katikati ya Februari. Hupandwa kwenye kitalu kidogo karibu na nyumba, nusu mita kati ya kimoja na kingine, kitalu kikizungushiwa uzio na kumwagiliwa kila baada ya siku tatu au nne. Beseni moja la viazi 40 hutoa takriban vipande 1,500 vya marando mvua inapofika. Aina zenye nyama ya rangi ya chungwa, zilizojaa vitamini A na zilizowapatia Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, ndizo zinazonufaika zaidi, kwa kuwa marando yake mara nyingi hayastahimili ukame kama ya viazi vyeupe vya zamani.

Zipo sehemu ambako mchanga na viazi huwekwa shimoni badala ya beseni. Kwa Wema singeshauri. Tangu kujengwa kwa mabwawa ya Masinga, 1981, na Kiambere, 1988, kwenye mto Tana, mafuriko ya kila mwaka yaliyolisha mashamba ya Wapokomo, wakulima wa kando ya mto huo, yamepungua na kupoteza ratiba yake, lakini makubwa bado yanakuja, kama yale ya El Niño ya 1997. Maji huanza kupanda chini ya ardhi kabla hayajaonekana juu, na shimo la viazi hulowa mwenyewe akiwa bado hana habari. Beseni, zito kama lilivyo, watu wawili hulibeba hadi mahali pa juu.