Farasi Mzuri, Bei Mbaya

Kisangani haina uwanja wa mbio za farasi, na sababu yake ya kwanza ina mabawa. Mbung'o wa kingo za mito hubeba vimelea vya nagana, ugonjwa ambao chanzo chake kilitambuliwa na David Bruce kule Zululand mwaka 1895. Farasi ni miongoni mwa wanyama wasiouhimili kabisa. Akiambukizwa na asitibiwe, mara nyingi hufa baada ya wiki chache. Ndiyo maana misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip ilifika huku kwa miguu ya wapagazi, na ndiyo maana Wabelgiji walihangaika huko Api, upande wa Uele, kufundisha tembo kuvuta mikokoteni. Walifanikiwa kiasi. Tembo hana haraka.

Hata hivyo hesabu ya mbio za farasi ilifika mjini bila farasi. Imo katika kila tiketi ya mpira inayochapishwa kwenye vibanda vya kubetia, na waendesha toleka huibishania juu ya baiskeli zao wakisubiri abiria. Ubishi wao karibu wote ni wa swali moja: nani atashinda? Mcheza farasi aliyekomaa, awe kwenye uwanja wa Ngong jijini Nairobi au wa Vincennes jijini Paris, huanza na swali jingine: akishinda, nitalipwa kiasi kinacholingana na hatari niliyobeba?

Odi ya 4 maana yake ni kwamba faranga 1,000 zikishinda zinarudi 4,000. Gawa 1 kwa 4, unapata asilimia 25. Hiyo ndiyo nafasi iliyofichwa ndani ya bei. Ukiwa na sababu nzuri ya kuamini kuwa nafasi halisi ni asilimia 30, tiketi yako ya 1,000 ina thamani ya 1,200 kwa wastani. Ikiwa nafasi halisi ni asilimia 20, umenunua kitu cha 800 kwa 1,000, hata kama leo jioni utarudi nyumbani na pesa.

Hapo ndipo wengi hukataa kunifuata, kwa hiyo tuchukue mfano ambao Mkongomani hahitaji kukumbushwa. Tarehe 14 Desemba 2010, huko Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2–0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo. Kipa Kidiaba akashangilia kwa kurukaruka juu ya makalio yake. Tuseme kabla ya mchezo mjuzi wa mpira aliipa Mazembe nafasi ya asilimia 15. Kwa makadirio hayo bei ya haki ni odi ya 6.67. Aliyeichukua kwa odi ya 9 alinunua vizuri. Aliyeichukua kwa odi ya 5 alinunua vibaya, na wote wawili walishangilia usiku ule ule. Matokeo ya siku moja hayawezi kukuambia wewe ni yupi kati yao. Jibu huonekana baada ya mamia ya tiketi, na ni wachache wanaoandika hesabu zao kwa muda huo wote.

Kupata hiyo asilimia 15 ndiyo kazi, na mbio za farasi zinaonyesha inavyofanywa. Kenya Derby hukimbiwa Ngong na farasi wa miaka mitatu kwa umbali wa mita 2,400. Mchambuzi huangalia mbio zao za karibuni, jokei, na kama farasi aliyezoea mita 1,600 ana pumzi ya kumfikisha mwisho. Mvua za masika zikiwa zimeanza, ardhi hulainika, na farasi aliyezoea ardhi kavu anaweza kuchoka mapema. Katika mbio nyingine za kawaida waandaaji huwaongezea uzito farasi bora kwa makusudi, ili wakaribiane na dhaifu. Ni mambo ya kuvutia, lakini yana kasoro moja: kila mtu uwanjani anayajua. Habari inayojulikana na wote tayari imeshaingia kwenye bei.

Bei yenyewe hupangwa kwa njia mbili. Ya kwanza aliianzisha Joseph Oller mjini Paris katika miaka ya 1860, mtu yule yule aliyeshiriki baadaye kufungua ukumbi wa burudani wa Moulin Rouge. Pesa zote huingia kapu moja, mwendeshaji hukata sehemu yake, na zinazobaki hugawanywa kwa walioshinda. Kapu likiwa na milioni moja na makato yakiwa asilimia 25, zinabaki 750,000. Ikiwa farasi aliyeshinda alichezewa 300,000, kila faranga hulipwa mbili na nusu. Hapa unashindana na wachezaji wenzako, siyo na kampuni.

Njia ya pili ni ya vibanda vyetu: kampuni hutangaza odi na kuzisimamia yenyewe. Chukua mechi yenye 1.80 kwa wenyeji, 3.40 kwa sare na 4.50 kwa wageni. Zigeuze ziwe asilimia: 55.6, 29.4 na 22.2. Jumla ni 107.2, ilhali nafasi zote za dunia haziwezi kuzidi 100. Ziada hiyo ndiyo mshahara wa kampuni. Inamaanisha kuwa kwa kila 1,000 unayoweka bila maarifa ya ziada, wastani unaorudi ni kama 933.

Hasara ya 67 siyo ya kutisha. Tatizo ni mkeka, yaani tiketi moja yenye mechi nyingi. Ukiunganisha mechi tano za aina hiyo, makato huzidishana na thamani ya 1,000 yako hushuka hadi kama 707. Ukiunganisha kumi, inabaki kama 500. Nusu ya pesa imeondoka kabla mwamuzi wa kwanza hajapuliza filimbi. Kwangu mimi, anayecheza mkeka wa mechi kumi hanunui utabiri wa mpira. Ananunua bahati nasibu iliyovaa jezi.

Viwanja vya farasi vilifundisha jambo jingine. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Richard Griffith alichunguza mbio za Marekani akaona kuwa umati hukadiria nafasi vizuri kwa jumla, ila huwapenda mno farasi wasiotegemewa. Wale wa odi kubwa walishinda mara chache kuliko bei yao ilivyodai. Ndoto ya faida kubwa huuzwa ghali.

Je, kuna aliyeshinda hesabu hii? Bill Benter alihamia Hong Kong katika miaka ya 1980 na programu ya kompyuta iliyopima kila farasi kwa vigezo vingi. Katika maandishi yake ya mwaka 1994 alieleza kuwa programu peke yake haikutosha. Mafanikio yalikuja alipochanganya makadirio yake na odi za umma, kwa sababu umati ulijua mambo ambayo kompyuta haikuyaona. Alivuna mamilioni ya dola akicheza dhidi ya umati alioupa heshima.

Kwa Kisangani, maarifa ya namna hiyo yangetafutwa Stade Lumumba kuliko Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo dunia nzima huipangia bei. Anayeishi hapa anajua uwanja ukoje baada ya mvua, wageni wamewasili lini, na nani amekosa mazoezi ya timu za mjini, AS Nika au TS Malekesa. Kampuni nazo zinajua kuwa wenyeji wanajua. Kwa ligi ndogo kwa kawaida huongeza makato na kupunguza kiasi cha juu cha kuweka, na mteja anayeshinda mfululizo anaweza kukuta kikomo chake kimeshushwa. Kapu la Oller halina haja na hatua hizo. Mjuzi akiweka pesa nyingi kwenye kapu dogo, bei aliyoipenda inaporomoka kwa pesa zake mwenyewe.