Kampeni Iliyowaachia Wananchi Nafasi ya Kuuliza

Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa ya miji yetu hukosi kuliona bango linalokuhimiza jambo: dai risiti, lipa kodi, jitokeze kuhesabiwa, piga kura. Maneno hayo ni mema. Lakini jiulize: ni lini uliketi na jirani zako mkalijadili mojawapo, mkalipinga mkitaka, kisha mkaamua la kufanya? Wako wazee wetu waliofanya hivyo, tena kwa mamilioni.

Mwaka 1964, alipouwasilisha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alieleza kuwa ni lazima kuanza na elimu ya watu wazima. Watoto walioko shuleni, alisema, wasingeweza kuugusa uchumi wa nchi kwa miaka mitano, kumi au hata ishirini. Hoja hiyo ilikuwa nzito, maana sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mpango wa Taifa ungesomwa na nani?

Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na redio ikatwishwa kazi. Zilikuja kampeni ndogo ndogo: Kupanga ni Kuchagua, juu ya Mpango wa Pili, Uchaguzi ni Wako, ya 1970, na Wakati wa Furaha, ya 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru. Hizo zilikuwa kama majaribio. Kampeni iliyoitikisa nchi ni Mtu ni Afya, ya mwaka 1973.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Watu wa mahali pamoja waliunda kikundi na kukutana kwa wiki kumi na mbili. Walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha aliyejua kusoma akawasomea wenzake sehemu ya kitabu kilichotungwa kwa ajili hiyo. Somo likiwa malaria, safura, kichocho, kuhara damu au kifua kikuu, halikuishia kusikilizwa. Wanakikundi walitakiwa kuzungumza na kukubaliana watafanya nini nyumbani kwao. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi hiyo, na walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni 2. Vyoo vilichimbwa kwa wingi, madimbwi yakafukiwa, majani yakafyekwa kando ya nyumba.

Mimi naona siri haikuwa redio. Redio ilikuwako kabla ya hapo. Siri ilikuwa yale mazungumzo baada ya kipindi. Chukua ushauri wa kuchemsha maji ya kunywa. Mama mwenye kukata kuni na kuzibeba kichwani ana haki ya kuuliza kuni za ziada atazikata nani, na saa ngapi. Redio haimjibu. Mumewe aliyeketi kando yake katika kikundi hicho hicho analazimika walau kulisikia swali.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo nchi ilishika pia njia nyingine. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi katika vijiji ni amri. Mamilioni ya watu wakahamishwa, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa moto ili wasirudi. Vijiji vilipatikana, lakini wako walioacha mashamba yenye rutuba na mikorosho iliyokwisha kuzaa, wakapelekwa mahali ambapo hawakuulizwa kama pana maji. Aliyechimba choo baada ya kujadiliana na wenzake alijua sababu yake; aliyehamishwa kwa lori alijua amri tu. Na aliyechimba choo Juni akahamishwa mwakani, sijui alisema nini.

Tusisahau matunda. Baada ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, na madarasa ya kisomo yaliyofanyika hata viwandani, kufikia 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa kama mmoja katika kila watu wazima kumi.

Sasa tulitazame bango la risiti. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza Julai 1998, na mashine za kutolea risiti zikaanza kutumika 2010. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" ni maneno yanayojulikana hata na watoto wetu. Hata hivyo, ndugu msomaji, unajua lile swali la dukani: bei ya risiti au bei bila risiti? Mfanyakazi aliyekatwa kodi katika mshahara wake, akiwa na karo ya kulipa, huchagua bei ndogo, na moyoni ana maswali. Fedha hii inakwenda wapi? Zahanati ya mtaa wetu imepata nini? Mbona mwenye duka kubwa haulizwi?

Hayo ni maswali ya kikundi. Mikutano ya mitaa ipo kwa mujibu wa sheria, matawi ya vyama vya wafanyakazi yapo, na redio zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote. Kinachokosekana ni kitabu chepesi kinachoonyesha shilingi ya kodi inavyosafiri kutoka kaunta ya duka hadi dawa ya zahanati, na mtu aliyefundishwa kuketi na watu ishirini kwa wiki kumi na mbili, akisikiliza zaidi kuliko anavyosema.