Bonasi ya Kujisajili Humnufaisha Nani?

Kasino za mtandaoni zina tatizo ambalo muuza viatu hana: bidhaa zao ni zilezile. Nyingi hazitengenezi michezo, huikodi kutoka kwa watengenezaji kama NetEnt, Pragmatic Play na Evolution, kwa hiyo sloti uliyoicheza kwenye kasino ya kwanza utaikuta kwenye ya pili na ya kumi. Jina litabadilika na rangi za ukurasa zitabadilika, lakini gurudumu la ruleti ya Ulaya litabaki na namba 37 popote uendapo. Sasa mtu anayeishi kwa kuzipelekea kasino wateja aisifie hii kwa lipi na ile kwa lipi? Kilichobaki mkononi mwake ni bonasi. Weka 100, upewe 100.

Mtu huyo ndiye ninayemwita wakala katika sura hii. Kazi yake ni ya mpiga debe wa stendi: basi si lake na nauli hapangi yeye, ila kila abiria anayepanda kwa sauti yake ana malipo. Badala ya sauti, wakala ana linki au kodi ya promosheni inayomtambulisha kila mteja aliyempeleka. Mtindo huu ulipata nguvu mwaka 1996, Amazon ilipoanza kuwalipa wenye tovuti waliowaletea wanunuzi wa vitabu. Kasino za mtandaoni zilikuwa ndiyo kwanza zinachipuka, nazo zikaudaka. Leo baadhi ya mawakala ni kampuni kubwa. Catena Media na Better Collective hisa zao zinauzwa kwenye soko la Stockholm.

Je, bonasi humsaidia wakala? Kabla ya kujibu, fungua mkataba wake.

Iko mikataba ya aina mbili kuu, na mingi mingine ni mchanganyiko wake. Katika ya kwanza analipwa kwa kichwa: mteja akijisajili na kuweka kiasi kilichokubaliwa, wakala anapokea fedha yake mara moja na habari imeishia hapo. Wakala wa namna hii anaipenda bonasi bila kinyongo. Inamleta mtu mlangoni, na mlangoni ndipo anapolipwa. Yatakayompata mteja wiki ijayo hayamhusu.

Mkataba wa pili ni wa mgao wa mapato, na hapa hesabu hugeuka. Wakala hupata sehemu, tuseme asilimia 30, ya kile ambacho kasino imebaki nacho kutoka kwa wateja wake. Tamka polepole: ya kile ambacho wateja wake wamepoteza. Ila kabla ya mgao kasino hutoa kwanza gharama, na bonasi ni mojawapo. Chukua mteja aliyeweka dola 100, akapewa bonasi ya 100, akacheza mpaka zote 200 zikaisha. Kwenye vitabu kasino imeshinda 200. Ondoa bonasi, zinabaki 100. Tukiacha kodi ya serikali na ada za malipo, wakala anapata 30. Kama mteja huyo asingepewa bonasi, angepoteza 100 zake na wakala angepata 30 hizohizo. Bonasi haikumwongezea hata senti, labda kama bila hiyo mteja asingekuja kabisa, au kama imemzoesha akabaki miezi.

Na anaweza kuja mteja mbaya zaidi kwa wakala: mjanja. Huyu anaweka 100, anapewa 100, anacheza kwa uangalifu, anatoa 160 na kupotea. Kasino imepata hasara ya 60, na asilimia 30 ya hasara hiyo, yaani dola 18, inaandikwa kwenye akaunti ya wakala kama deni. Mikataba mingine hulifuta deni mwezi ukiisha, mingine hulisukuma mwezi unaofuata. Wakala anayetangaza bonasi nono peke yake hujikuta amewakusanya watu wa aina hii, kwa sababu hao ndio wanaosoma masharti kuliko mtu yeyote.

Kasino zilijifunza kujikinga. Kinga yenyewe ni sharti kwamba bonasi ichezwe mara kadhaa kabla ya kutolewa. Ukipewa 100 kwa sharti la mara 35, unatakiwa kuweka dau za jumla ya 3,500. Sloti nyingi hubakiza kama asilimia 4 ya kinachochezwa, na asilimia 4 ya 3,500 ni 140. Zawadi ni 100, kuifikia kunagharimu wastani wa 140, na wengi huishiwa salio kabla hawajafika mwisho. Mchezo wa karata wa 21, ambao kwa mchezaji hodari hubakiza karibu nusu asilimia tu, kwa kawaida hufungiwa au huhesabiwa sehemu ndogo ya kila dau. Mjanja hukimbia. Anayebaki ni yule asiyepiga hesabu, na huyo ndiye mteja ambaye wakala wa mgao anamtaka.

Sioni namna ya kulisema hili kwa upole. Bonasi yenye sharti zito humsaidia wakala kwa kuwachuja watu na kumwachia wanaopoteza.

Ndiyo maana majedwali ya "kasino bora kumi" yanastahili jicho kali. Mara nyingi kinachopanga safu ni kamisheni, na bonasi hubandikwa mbele ili macho yaende huko. Uingereza iliyaona madhara yake mwaka 2017. Mwezi Mei tume ya kamari iliitoza kampuni ya BGO pauni 300,000 kwa matangazo ya kupotosha, yakiwemo yaliyokuwa kwenye tovuti za mawakala wake. Septemba mamlaka ya matangazo ikapiga marufuku tangazo la wakala lililojifanya habari ya gazeti: mtu aliyezama kwenye madeni, mkewe mgonjwa, akaokolewa na kasino. Kampuni nne, Ladbrokes na 888 zikiwemo, zilibebeshwa lawama ingawa maneno hayakuwa yao. Mwezi huohuo Sky Betting & Gaming, iliyoguswa na uamuzi huo, ilifunga mpango wake wote wa mawakala nchini humo.

Wakala bila bonasi anaweza kuishi? Jimbo la Ontario, Kanada, limetoa jibu. Soko lake lilipofunguliwa tarehe 4 Aprili 2022, sheria ilikataza kutangaza bonasi hadharani. Mteja huiona akishaingia kwenye tovuti ya kasino yenyewe. Mwezi uliofuata BetMGM na PointsBet zilitozwa faini kwa kukiuka. Mawakala hawakufa. Waligeukia leseni, kasi ya kutoa pesa, njia za malipo, huduma kwa mteja. Mambo ambayo kusema kweli mchezaji alipaswa kuambiwa tangu mwanzo. Uswidi ilichagua njia ya kati: tangu Januari 2019, mwenye leseni anaruhusiwa kutoa bonasi mara moja tu, mteja anapocheza kwake kwa mara ya kwanza.

Kwetu, kodi za promosheni husambaa Telegram na WhatsApp pamoja na mikeka ya mpira, na anayezituma mara nyingi hujiita mshauri. Aprili 2025 bodi inayosimamia kamari Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, lakini tangazo linaloletwa na rafiki kwenye kundi ni gumu kulisimamisha kuliko bango la barabarani. Kabla ya kuitumia kodi ya mtu, muulize swali moja: analipwa kwa kichwa chako, au kwa hasara yako?

Mabadiliko makubwa zaidi yametoka tena Uingereza. Machi 2025 tume ya kamari ilitangaza kwamba sharti la kucheza bonasi halitazidi mara 10. Rudia hesabu ya juu: bonasi ya 100 inataka dau za 1,000, na sloti itabakiza wastani wa 40. Hapo zawadi inakaribia kuwa zawadi, na kwa sababu hiyohiyo naamini itapunguzwa, mawakala wabaki na namba ndogo za kutangaza.