Masomo ya Australia na hesabu ambayo wakala hampigii mzazi

Na MWANDISHI WETU

WAZAZI wengi wanaouza kipande cha shamba au kuitisha harambee ili mtoto aende kusoma Australia huambiwa jambo moja la kutuliza moyo: kwamba mzigo wao ni nauli, viza na karo ya muhula wa kwanza tu. Mengine, huambiwa, kijana atayalipia mwenyewe kwa kufanya kibarua huko huko.

Kauli hiyo ni kweli nusu, na kweli nusu huenda ikamgharimu mtu zaidi ya uongo mtupu. Mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa kisheria kufanya kazi Australia, na mshahara wa huko ni mnono ukilinganishwa na wa hapa nyumbani. Iwapo mshahara huo unaweza kumlisha, kumpangia nyumba na bado kumlipia karo, hilo ni suala la kupigiwa hesabu.

Tuanzie mlangoni. Viza ya mwanafunzi, ambayo tangu 2016 imejulikana kwa nambari 500, huombwa kupitia intaneti. Ada ya kuiomba ilikuwa dola 710 za Australia hadi katikati ya mwaka 2024. Julai mwaka huo ikapandishwa hadi dola 1,600, na Julai 2025 ikafika dola 2,000. Kwa kiwango cha takriban Sh85 kwa dola moja, hizo ni kama Sh170,000, na hazirejeshwi ombi likikataliwa.

Mwombaji hulazimika pia kununua bima ya afya ya muda wote atakaokuwa masomoni, na kufanya mtihani wa Kiingereza. Katika mtihani wa IELTS, alama ya chini inayokubalika kwa viza hii ilipandishwa Machi 2024 hadi 6.0. Mwezi huo huo serikali ya Australia ilianza kumtaka kila mwombaji ajibu kwa maandishi maswali ya kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi wa kweli: kwa nini amechagua kozi hiyo, itamfaidi vipi, na nini kinachomfunga na nchi yake. Majibu ya kunakiliwa kutoka kwa mwenzake hutambulika upesi.

Kisha kuna ushahidi wa fedha. Mbali na nauli na karo ya mwaka wa kwanza, familia hutakiwa kuonyesha kwamba ina pesa za kumkimu mwanafunzi kwa miezi 12. Tangu Mei 10, 2024, kiasi hicho ni dola 29,710 kwa mtu mmoja, yaani zaidi ya Sh2.5 milioni.

Watu wengi hukichukulia kiasi hiki kama ua wa kurukwa. Huazimwa pesa kwa jamaa na marafiki, zikawekwa katika akaunti ya benki hadi viza itoke, kisha kila mmoja akarudishiwa chake. Wanachosahau ni kwamba dola 29,710 ni makadirio ya serikali yenyewe ya gharama za mtu anayeishi kwa kujibana. Ndizo atakazozihitaji kijana kwa kodi ya nyumba, chakula, nauli ya treni na simu, iwe zimo kwenye akaunti au hazimo.

Sasa tuje kwenye kibarua. Tangu Julai 1, 2023, mwenye viza ya mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 katika kila wiki mbili, masomo yanapoendelea. Hana ruhusa ya kuanza kazi kabla kozi yake haijaanza. Wakati wa likizo rasmi za chuo hakuna kikomo, na wanaosomea uzamifu au uzamili wa utafiti hawabanwi na sharti hilo wakishaanza masomo.

Kima cha chini cha mshahara kilichoanza kutumika Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Kibarua asiye na likizo ya malipo huongezewa asilimia 25, hivyo hupata kama dola 31 kwa saa. Akifanya saa zote 48, mapato yake ya wiki mbili ni takriban dola 1,500. Tuseme amebahatika kupata zamu zote hizo mwaka mzima bila kuugua wala kukosa hata siku moja. Atakuwa amepata kama dola 39,000 kabla ya ushuru.

Toa dola 29,710 za maisha. Zinabaki dola 9,000 na ushei, na ushuru bado haujakatwa.

Karo ya shahada ya kwanza kwa mwanafunzi wa kigeni katika vyuo vikuu vingi vya Australia ni kati ya dola 30,000 na 50,000 kwa mwaka. Shahada nyingi huchukua miaka mitatu, na uhandisi minne. Hata kwa kozi ya bei nafuu, kijana aliyefanya kibarua chote kinachoruhusiwa amepungukiwa na zaidi ya dola 20,000 kila mwaka, ambazo ni kama Sh1.7 milioni. Pengo hilo haliletwi na uvivu wala anasa. Limo ndani ya hesabu yenyewe tangu siku alipopanda ndege.

Likizo ndefu ya Desemba hadi Februari, ambayo huko ni msimu wa joto, hupunguza pengo kidogo kwa anayepata kazi ya kutwa. Hata hivyo, miezi ya kwanza hupotea ikitafutwa kazi, kwani waajiri wengi hutaka mtu mwenye uzoefu wa kazi katika nchi hiyo. Mwenye nyumba naye hutaka amana, aghalabu kodi ya wiki nne, kabla hajamkabidhi mpangaji ufunguo.

Kozi yenyewe nayo ina saa zake. Vyuo vikuu huko humshauri mwanafunzi kutenga takriban saa 10 kwa wiki kwa kila somo, na mzigo wa kawaida ni masomo manne. Hizo ni saa 40. Ongeza saa 24 za kibarua na safari za kwenda na kurudi, utaona kwamba kinachopunjwa ni usingizi. Wanaochagua uuguzi, kozi ambayo Wakenya wengi huipenda, hutakiwa kufanya angalau saa 800 za mazoezi hospitalini kabla ya kuhitimu, na mazoezi hayo hayana malipo. Katika wiki hizo zamu za dukani au za makao ya wazee hukatika, lakini kodi ya nyumba haikatiki.

Anayezidiwa huwa na njia mbili, na zote zina mitego. Ya kwanza ni kupunguza masomo au kukosa madarasa. Sheria huvitaka vyuo vifuatilie maendeleo ya wanafunzi wa kigeni na kuwaripoti wanaozembea, jambo linaloweza kuwafutia viza. Ya pili ni kuzidisha saa za kazi kwa siri.

Njia hii ya pili inahitaji kuelezwa vyema, kwa sababu ndiyo iliyozaa mojawapo ya kashfa kubwa za kazi nchini humo. Mwaka 2015 wanahabari wa Australia walifichua jinsi wanafunzi wa kigeni walivyokuwa wakipunjwa katika maduka mengi yaliyoendeshwa kwa nembo ya 7-Eleven. Wakati huo kikomo kilikuwa saa 40 kwa wiki mbili. Mwenye duka alimfanyisha mwanafunzi kazi karibu maradufu ya saa hizo, kisha akaandika nusu tu vitabuni. Mshahara ulionekana halali kwenye karatasi, kumbe kwa kila saa kijana alikuwa akipata nusu.

Kilichowafumba midomo ni ile sheria ya saa. Kila aliyefikiria kulalamika alikumbushwa kwamba yeye ndiye aliyevunja masharti ya viza, na kwamba simu moja tu ingemrudisha kwao. Baada ya kashfa hiyo kufichuka, zaidi ya dola milioni 150 zililipwa kwa wafanyakazi waliopunjwa.

Tangu hapo mambo yamebadilika kiasi. Tangu Januari 1, 2025, mwajiri anayempunja mfanyakazi kwa makusudi ametenda jinai. Aidha kuna utaratibu unaomlinda mwenye viza anayeripoti dhuluma kazini ili asifutiwe viza kwa sababu hiyo, hata kama alizidisha saa. Ofisi inayoshughulikia malalamiko hayo huitwa Fair Work Ombudsman, na haitozi ada. Mwanafunzi anayejua haya kabla ya kusafiri hatishiki kirahisi.

Darasani kuna mageuzi ya aina nyingine. Kijana aliyezoea kusimama mwalimu anapoingia hujikuta akimwita profesa kwa jina lake la kwanza, na kukosolewa akinyamaza. Mbali na mihadhara, kuna vikao vidogo vya mijadala ambamo mwanafunzi hutarajiwa kupinga hoja, hata ya mhadhiri, mradi awe na ushahidi. Insha inayokusanya maoni ya wasomi bila msimamo wa mwandishi hupata alama za chini. Ile inayonakili sentensi za watu bila kuwataja huchukuliwa kuwa wizi, na tarakilishi huinasa kabla mhadhiri hajaisoma.

Lugha pia huwashangaza wengi. Mtu aliyepata alama ya A ya Kiingereza katika KCSE husikia mwajiri akimwambia aripoti arvo, akabaki ameduwaa. Maana yake ni alasiri tu. Waaustralia hukata maneno kama vijana wetu wanavyoyapindua katika Sheng, na hawaombi radhi.

Faraja huja kutoka upande usiotarajiwa. Idhaa ya SBS, inayofadhiliwa na serikali ya Australia, hutangaza pia kwa Kiswahili, na miongoni mwa wanaokizungumza huko ni familia zilizotoka Kongo na Burundi kama wakimbizi. Mkenya hujikuta akisahihishiwa Kiswahili chake na mama wa Bukavu katika foleni ya basi.

Nyumbani, hata hivyo, hawayaoni haya. Melbourne na Sydney ziko mbele yetu kwa saa saba, na saa nane kati ya Oktoba na Aprili wanaposogeza saa zao. Mama akimaliza chakula cha jioni Nakuru na kupiga simu saa mbili usiku, kule ni saa tisa au saa kumi za usiku. Kijana ama amelala ama yuko zamuni. Simu isiyopokelewa hufasiriwa kuwa kiburi cha majuu. Na inapopokelewa, aghalabu huwa na ombi la pesa, kwa kuwa kijijini inaaminika kwamba aliye ng'ambo tayari anavuna.

Mwaka 2020 ulionyesha jinsi mpango wa kutegemea kibarua unavyoweza kuporomoka kwa wiki moja. Corona ilipofunga mikahawa na hoteli, wanafunzi wa kigeni walipoteza kazi na hawakuhesabiwa katika mpango wa serikali wa kulipa mishahara ya waliosimamishwa. Aprili 3 mwaka huo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Scott Morrison, alisema wageni na wanafunzi wasioweza kujikimu walipaswa kurejea makwao. Baadhi ya majimbo yalitoa misaada midogo. Wengi walipanga foleni za chakula cha bure huku wakiwatumia wazazi picha za kutabasamu.

Kwa nini basi wakala hampigii mzazi hesabu hii? Jibu limo katika malipo yake. Mawakala wengi hupata kamisheni kutoka kwa chuo mwanafunzi anapojiunga nacho. Wako waaminifu, lakini hakuna wakala anayelipwa kwa kumshauri mzazi asubiri mwaka mmoja, au aombe kwanza ufadhili wa Australia Awards ambao serikali ya nchi hiyo huutoa kwa baadhi ya Waafrika wanaosomea uzamili.

Mzazi anaweza kujihakikishia mengi bila wakala. Kila chuo kinachoruhusiwa kusajili wageni kimo katika orodha ya serikali iitwayo CRICOS, iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, ambacho nacho hutoa hati ya kuthibitisha usajili. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana wakidai pesa walizolipa katika mpango wa kaunti wa kuwapeleka watoto Finland na Kanada. Nchini Australia, chuo kikifungwa kabla ya kozi kumalizika, kuna hazina ya kisheria inayomtafutia mwanafunzi nafasi kwingine au kumrejeshea karo ya masomo ambayo hajasomeshwa. Hazina hiyo haiwezi kumsaidia aliyelipa mfukoni mwa mtu.

Lipo jambo moja ambalo wengi husahau wakati wa kurudi. Mwajiri halali huko hulazimika kumwekea mfanyakazi akiba ya uzeeni juu ya mshahara, asilimia 12 tangu Julai 2025, hata kama ni kibarua wa saa chache. Mwanafunzi anayeondoka viza yake ikiwa imekwisha anaweza kuidai akiba hiyo kupitia mtandao wa idara ya ushuru, ambayo hukata asilimia 35 na kumpa iliyobaki. Anahitaji nambari yake ya ushuru na jina la hazina iliyohifadhi pesa hizo.